Jangwa Lisilo na Mwenyewe

Kuanzia Novemba 2024 hadi Februari 2025, jumba la sanaa la Mathaf mjini Doha lilifanya maonyesho makubwa kuhusu Jean-Léon Gérôme, mchoraji Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1824. Maonyesho hayo yaliandaliwa pamoja na Jumba la Makumbusho la Lusail, ambalo Qatar inalitayarisha liwe makao ya mkusanyiko wake mkubwa wa michoro ya kiorientalisti, yaani picha ambazo Wazungu, hasa wa karne ya 19, walizichora kuhusu nchi za Waarabu na Waturuki. Hukumu zinazotolewa juu ya jambo hili ni mbili. Wapo wanaosema Waarabu wa Ghuba wamepofushwa na fedha zao, wananunua matusi waliyotukanwa babu zao na kuyatundika ukutani. Wengine wanasema kununua huko ni ushahidi kwamba tusi halikuwepo, kelele ni za maprofesa, waliochorwa wenyewe wameridhika. Naona wote wamekosea mahali pamoja. Wote wanamtazama mtu aliyechorwa, awe mwanamke wa harimu au mpanda ngamia, wakibishana kama ametukanwa au ametukuzwa. Hawautazami mchanga uliomzunguka. Hoja yangu ni kwamba madhara makubwa zaidi ya michoro hii yako kwenye jangwa lenyewe, lililochorwa kama mahali patupu pasipo na mwenyewe, na kwamba utupu huo wa kuchora ungali unatumika leo kuwaondoa watu kwenye ardhi yao.

Uchoraji huu ulifuata nyayo za majeshi. Napoleon aliingia Misri mwaka 1798. Ufaransa ikaivamia Algiers mwaka 1830, na miaka miwili baadaye mchoraji Eugène Delacroix alikuwa Moroko, katika msafara wa balozi aliyetumwa kwa Sultani baada ya uvamizi huo. Mei 1843 askari wa Ufaransa waliishambulia smala ya Amir Abdelkader, kiongozi wa upinzani wa Waalgeria, yaani mji mkuu wake wa mahema uliokuwa ukihama naye. Horace Vernet akaichora siku hiyo kwenye turubai lenye urefu wa zaidi ya mita 21, ambalo liko Versailles hadi leo. Mji mkuu wa mahema: maneno hayo peke yake yangetosha kumfanya Mzungu wa wakati ule atambue kwamba jangwani palikuwa na dola, yenye hazina, maktaba, mafundi na maelfu ya raia. Lakini kilichochorwa ni kuvunjika kwake, na baada ya hapo picha zilizopendwa zaidi zikawa za jangwa tulivu. Wachoraji wakaongezeka hadi wakawa na chama chao mjini Paris mwaka 1893. Gérôme alimwoa binti wa Adolphe Goupil, mfanyabiashara mkubwa wa sanaa aliyechapa nakala za picha na kuziuza Ulaya na Marekani, hivyo jangwa la Gérôme likafika kwenye sebule za watu ambao hawakuwa na jangwa lingine la kulilinganisha nalo.

Kitabu cha Edward Said cha mwaka 1978, Orientalism, kilichoshutumu namna Wazungu walivyowaeleza watu wa Mashariki, kilihusu maandishi kuliko picha, ila toleo lake lililosambaa sana lilivishwa mchoro wa Gérôme wa mcheza nyoka, na tangu hapo picha na hoja zimeshikamana. Mchoro ule una ukuta wa vigae vya bluu ulionakiliwa kutoka kasri la Topkapi, Istanbul, na ndani yake mvulana yu uchi na nyoka mwilini mbele ya wanaume wenye silaha. Kila kigae kimechorwa kwa uangalifu, lakini tukio zima limetungwa. Mwaka 1983 Linda Nochlin, mwanahistoria wa sanaa Mmarekani, aliandika makala iliyotufundisha kutazama kisichokuwemo kwenye picha hizi: Mzungu anayetazama, mwendo wa historia, kazi za watu. Bahati mbaya mjadala haukumfuata huko mbali. Ulibaki harimuni na sokoni mwa watumwa, na si ajabu, kwani picha hizo zinaumiza waziwazi. Aprili 2019 AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia cha Ujerumani, kilibandika mjini Berlin mabango ya kampeni yenye mchoro wa Gérôme wa soko la watumwa ili kuwatia watu hofu juu ya Waislamu, na makumbusho ya Marekani yenye mchoro huo yakapinga. Kuhusu harimu, sisi watu wa pwani tulikuwa na shahidi wetu tangu 1886, Sayyida Salme binti Said wa Zanzibar, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani akiwaeleza Wazungu namna wanavyowahukumu wanawake wa Mashariki bila kuyajua maisha yao. Mwanamke wa picha alipata watetezi. Ardhi haikupata.

Chukua mchoro wa Gustave Guillaumet wa mwaka 1867 uitwao Sahara, ulioko makumbusho ya Orsay, Paris. Mbele kuna mzoga wa ngamia uliobaki mifupa na ngozi, nyuma mchanga ulionyooka mpaka upeo wa macho, na mbali kabisa alama hafifu ya msafara, kama mazigazi. Ni picha kali, na sidhani kama aliyeitazama ataisahau. Chukua pia wapanda farasi wa Gérôme wakivuka jangwa, mchoro wa mwaka 1870 uliouzwa London Oktoba 2019 kwa zaidi ya pauni milioni 3, katika mnada wa picha 40 ulioingiza jumla ya pauni zaidi ya milioni 33. Watu wale wametoka wapi? Wanakwenda kwa nani? Usiku watanyweshea wapi farasi, na kisima hicho ni cha kabila gani? Farasi hawezi kwenda siku nyingi bila maji kama ngamia, kwa hiyo kila hatua ya wapanda farasi jangwani imefungwa kwenye kisima fulani, na kila kisima kina watu wanaokidai. Mchoraji alilijua hilo kwa mwili wake. Mwaka 1868 alisafiri kutoka Cairo kupitia Sinai na Petra hadi Jerusalem pamoja na wenzake, akiwemo shemeji yake Albert Goupil aliyekuwa akipiga picha kwa kamera. Safari kama hiyo haiwezekani bila wenye ngamia, wapishi, mkalimani na makubaliano na masheikh wa njia. Wahenga wetu walisema usione vyaelea, vimeundwa. Katika michoro ya jangwa tunaonyeshwa vinavyoelea tu.

Tazama basi jinsi jangwa hilo linavyoundwa. Katika nchi ya Touat, kusini mwa Algeria, watu wamechimba foggara, mifereji ya chini kwa chini inayochukua maji kutoka kwenye mwinuko na kuyafikisha bustanini kwa mteremko mdogo, bila pampu, ikiwa na mashimo ya kushukia mafundi wa kuisafisha. Maji yakifika juu hupita kwenye kizuizi chenye matundu kama meno ya kitana, kila tundu likipimwa kwa fungu la familia. Mpimaji wa maji ni mtu mwenye cheo chake, na mafungu huandikwa kwenye daftari, yakirithiwa, yakiuzwa, yakitolewa mahari. Ujuzi wa wapimaji hao uliingizwa na UNESCO mwaka 2018 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ndugu zetu walioko Oman wanaijua ada iliyo karibu sana na hiyo, falaj, ambamo zamu za maji zilihesabiwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku; maelfu ya mifereji hiyo ingali ikitiririka. Kwa hiyo jangwa ni mojawapo ya sehemu zenye umiliki uliopimwa kwa makini kuliko kwingi duniani, kwa sababu palipo na uchache wa kitu ndipo hesabu yake inapokuwa ndefu. Mchanga uliochorwa kama bahari isiyo na mwenyewe ulikuwa umegawanywa hadi kwenye upana wa kidole.

Mfano mwingine unatugusa karibu zaidi. Kaskazini mwa Sahara ya Algeria kuna bonde la Mzab, lenye miji mitano iliyojengwa na Waibadhi tangu karne ya 11, watu wa madhehebu yale yale ya watawala wa Oman na Zanzibar. Katika mji wa Beni Isguen aliishi mwanazuoni Muhammad bin Yusuf Atfayyish, aliyefariki mwaka 1914. Tafsiri yake kubwa ya Qur'ani, Himyan al-Zad, ilianza kupigwa chapa miaka ya 1880 huko Zanzibar, kwenye mtambo ulioanzishwa na Sultan Barghash. Hebu uifikirie njia ya mswada huo, kutoka kwenye bonde kavu la Sahara hadi Unguja, kisha juzuu zilizochapwa zikisafiri tena kwa wasomaji wa Kiibadhi. Ufaransa iliitwaa Mzab mwaka 1882, katika miaka ile ile Gérôme na wenzake walipokuwa wakiuza picha za mtu wa jangwani aliyekaa kimya mlangoni, mkono shavuni, kana kwamba hana la kufanya tangu Nabii Ibrahimu. Kumbe mtu wa jangwani alikuwa na kitabu chake mtamboni Unguja. Sijawahi kuona mchoro wa kiorientalisti wenye habari ya namna hiyo ndani yake.

Mchoraji anayenisumbua kuliko wote ni Eugène Fromentin, kwa sababu ndiye aliyekuwa na macho mazuri na dhamiri. Mji wa Laghouat ulitekwa na jeshi la Ufaransa tarehe 4 Desemba 1852 baada ya kuzingirwa, na sehemu kubwa ya wakazi wake wakauawa. Fromentin alifika huko mwezi Juni 1853. Katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1857 hakuficha. Alieleza mauaji yale na mji uliobaki na majeraha yake. Kisha mwaka 1859 akaonyesha Paris mchoro wa mtaa wa Laghouat: kuta za udongo, jua kali upande mmoja, kivuli upande wa pili, na kivulini wanaume waliolala. Ukisoma kitabu kwanza, usingizi ule unakuwa mzito kuliko usingizi. Lakini umma haukuuona hivyo, nao mchoro wenyewe hauna kinacholazimisha uonekane hivyo. Umma uliona Waarabu wavivu na joto. Mtu yule yule, mtaa ule ule: kalamu ilisema watu hawa wameuawa, brashi ikasema watu hawa wamelala. Ndivyo utupu unavyotengenezwa hata na mtu mwema. Kwanza watu huondolewa kwa bunduki, halafu kimya kilichobaki huchorwa kama tabia ya nchi.

Wapo watakaonipinga kwa hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Iliyo nzito zaidi ni kwamba si wachoraji wote walioona hivyo. Guillaumet huyo huyo wa mzoga wa ngamia alirudi Algeria mara kama kumi, na kadiri alivyorudi ndivyo jangwa lake lilivyojaa watu. Alichora njaa ya mwishoni mwa miaka ya 1860 iliyoua mamia ya maelfu ya Waalgeria, mchoro wa kutisha ambao sasa uko makumbusho ya Constantine. Alichora wanawake wa Bou Saada wakifuma na mfereji wa maji wa Biskra. Étienne Dinet alihamia Bou Saada, akajifunza Kiarabu, akasilimu mwaka 1913 akaitwa Nasreddine, akahiji mwaka 1929 na kufariki mwaka huo huo. Alizikwa Bou Saada, na Algeria huru imempa makumbusho. Léon Belly naye, katika mchoro wake wa mwaka 1861 wa mahujaji wakielekea Makka, alijaza turubai watu wanaotujia uso kwa uso, wamechoka na wana heshima. Hayo yote ni kweli, na yananifanya nikatae wazo la kuzifungia picha hizi stoo. Ila yanathibitisha hoja yangu zaidi kuliko kuivunja: aliyekaa muda mrefu aliona mifereji, aliyepita aliona mchanga. Hata Belly, pamoja na ukarimu wake wote, anatuonyesha uchovu na jua, lakini hatuonyeshi utaratibu uliowafikisha watu hao walipo, birika na ngome za njiani, amiri wa msafara, na fedha ambazo dola ililipa makabila ya njia ili mahujaji wapite salama.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa sana na madalali wa mnada: Waarabu wananunua, basi kesi imekwisha. Kumnunua shahidi hakumfanyi awe msema kweli. Wanunuzi wa Ghuba walipoingia kwenye soko hili miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda, picha hizi zilikuwa zimepitwa na wakati Ulaya. Wengi walitafuta kitu ambacho wachoraji walikifanya vizuri kweli: mshono wa joho, mpini wa jambia, lijamu ya farasi, dirisha la mbao la Cairo, vitu ambavyo nchi zao zilikuwa zikivipoteza kwa kasi na ambavyo hakuna mwingine aliyevichora kwa ukaribu ule. Mtu anayetafuta uso wa dunia ya babu yake atauokota popote anapoupata, hata mkononi mwa mgeni, na simlaumu. Tena Osman Hamdi Bey, Mturuki aliyesoma Paris na kuongoza makumbusho ya dola ya Istanbul, alitumia mbinu zile zile kuchora Waislamu wanaosoma, kujadiliana na kufikiri. Hayo yote yanaeleza kwa nini picha zinapendwa. Hayasemi lolote kuhusu kama jangwa lililochorwa ni la kweli. Mtu anaweza kununua mchoro kwa ajili ya jambia na akapelekewa nyumbani mchanga mtupu nyuma yake bila kuuona.

Nasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tumeishi nao. Nyumbani kwa bibi yangu Tanga kulikuwa na zulia la ukutani, kama yaliyoko kwenye nyumba nyingi za pwani, lililoletwa na mtu aliyetoka Hijja: ngamia watatu, mitende miwili, machweo mekundu. Kwa miaka mingi nilidhani Uarabuni ndivyo kulivyo, hakuna anayeishi, wanapita tu.

Na hapa ndipo suala linapotoka nje ya makumbusho. Watawala wa Kifaransa nchini Algeria walishika imani kwamba Afrika Kaskazini iliwahi kuwa ghala la nafaka la Roma, na kwamba wafugaji wahamaji na mbuzi wao ndio walioigeuza jangwa. Mtu anayeharibu ardhi hana haki nayo, ndivyo mantiki ilivyokwenda. Sheria ya 1863 ikapima na kukata mipaka ya ardhi za makabila, ile ya 1873 ikafungua mlango wa kuzigawa kwa hati za mtu mmoja mmoja zinazoweza kuuzwa, na zikauzwa. Sidai kwamba mchoro uliandika sheria. Nadai kwamba aliyepiga kura Paris alikuwa ameshaliona jangwa hilo mara mia kwenye maonyesho na nakala za Goupil, na mara zote mia halikuwa na mtu anayepima maji. Karibu karne moja baadaye, tarehe 13 Februari 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia huko Reggane, lenye nguvu zaidi ya mara nne ya lile la Hiroshima, na utetezi ukawa kwamba pale ni jangwa tupu. Reggane iko Touat, nchi ile ile ya foggara na madaftari ya maji. Kwame Nkrumah alijibu kwa kuzuia mali za Ufaransa nchini Ghana. Majaribio 17 yalifanyika Sahara hadi mwaka 1966, miaka minne baada ya Algeria kupata uhuru.

Jicho hilo sasa halina rangi wala taifa. Saudia ilipotangaza mradi wa mji wa NEOM mwaka 2017, ulimwengu ulionyeshwa milima na mchanga kama ukurasa usioandikwa. Kabila la Wahuwaitat lilikuwa pale. Vijiji vilihamishwa, na Aprili 2020 mwanamume mmoja aliyekataa hadharani kuhama aliuawa na vikosi vya usalama, ambavyo vilisema yeye ndiye aliyeanza kufyatua risasi. Kwetu Afrika Mashariki, kaskazini mwa Kenya karibu na Loiyangalani, ekari 150,000 zilitengwa kwa mradi wa umeme wa upepo katika ardhi wanayochunga Warendille, Wasamburu, Waturkana na wengineo. Mwaka 2021 mahakama ya ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Umeme wa upepo ni kitu chema, nami nautaka. Lakini mtu wa Nairobi aliyelelewa kwa picha za kaskazini yenye ngamia mmoja na upeo wa macho hatashangaa kuambiwa kwamba huko palikuwa hapana mtu wa kuulizwa. Mfugaji aliyehamisha mifugo kwa miezi minne ili majani yaote anaonekana kama aliyehama moja kwa moja. Mapumziko ya malisho yanasomwa kama kutelekezwa.

Kwa hiyo nafurahi kwamba Qatar inazikusanya picha hizi, na ningependa zitundikwe zote, kwenye mwanga mzuri. Ninachoomba kwa wasimamizi wa Lusail ni kazi ya ziada ambayo nchi yenye uwezo wao inaweza kuifanya. Mtaa wa kimya kama ule wa Laghouat usitundikwe bila maandishi ya mchoraji mwenyewe kuhusu Desemba 1852. Chini ya wapanda farasi, iwekwe ramani ya visima vya njia na majina ya waliovimiliki. Katika chumba cha mchanga mtupu liwepo sanduku moja la kioo lenye daftari la maji la Touat, lililofunguliwa kwenye ukurasa wa mafungu, na kando yake juzuu moja ya Atfayyish, iliyofunguliwa mwanzoni ili jina la mji ilipochapwa lionekane. Wageni wanaozungumza Kiswahili watakaokuja kutoka Muscat watalisoma bila mkalimani.